Kaki haikuanzia Paris

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mwandishi wenu wa ukurasa wa mitindo. Jumapili iliyopita aliandika kwamba mavazi ya miaka ya 1910 yaligeuzwa na wabunifu wa Paris. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 32 huu nakaa barazani Kariakoo, na nguo nilizofumua ni nyingi kuliko nilizoshona. Ukifumua sana, utamkuta mwanajeshi ndani.

Majuzi binti mmoja aliniletea koti la mvua la mtumba nimpunguzie kiuno. Lina vikanda mabegani na pete za chuma mkandani. "Fundi, haya mapambo yatoe." Nikamwambia, mwanangu, hapo begani ndipo ofisa alipoweka alama ya cheo chake. Waingereza mpaka leo wanaliita koti la handaki, maana maofisa wao walilivaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji katika vita ya 1914 hadi 1918. Saa ya mkono nayo, kabla ya vita wanaume wengi waliiona ya kike. Yao ilikaa mfukoni na mnyororo wake. Sasa utaichomoaje na bunduki umeishika?

Kilichoniuma hasa ni kaki, aliyoiita rangi ya Waingereza. Vita ilipoanza, Uingereza ilikuwa inategemea rangi za viwandani za Ujerumani, yaani za adui. Kaki ikawapungukia, na wengi waliojiandikisha mwaka ule wakavalishwa kwanza sare za buluu.

Huku kwetu shida ya nguo ilikuwa ya Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hii, kwa sababu manowari za Waingereza zilifunga pwani. Meli yao ya mizigo, Rubens, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Ya pili, Marie, ikaingia ghuba ya Sudi, huko kusini, mwaka uliofuata. Basi, mbili tu. Ndipo pamba ikasokotwa kwa mkono, misheni na majumbani, ikafumwa, na kitambaa kikatiwa rangi ya mizizi ya mti uitwao ndaa. Kikatoka kaki safi, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, wakavaa. Siri ya mti ule sidhani kama aliletewa kutoka Berlin.

Mimi na cherehani yangu tumekaa juu ya vita hiyo hiyo: Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza chakula na risasi. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwandishi wenu akirudi tena kwenye miaka ile, pamoja na picha za wale mabibi wenye kofia za manyoya, naomba aweke na moja ya mpagazi, tuone naye alivaa nini.

Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam