Barua ya wazi kwa wazazi wa Ngamiani: kwa nini sitatia saini

Kwenu wazazi wa Ngamiani, Makorora na Mabawa, hapa Tanga.

Assalaam alaykum. Nanyi mnaosali Jumapili, Bwana asifiwe. Barua hii ni yenu pia.

Karatasi mnayoipitisha nyumba kwa nyumba imenifikia. Sahihi nyingi zilizomo ni za watu niliowafundisha mimi mwenyewe kuandika majina yao, kwa hiyo sioni vyema kuirudisha kimyakimya. Mnaiomba serikali ifunge TikTok na mitandao mingine inayoharibu watoto, nchi nzima, kwa kila mtu. Sitatia saini. Uchungu uliowasukuma ninao na mimi. Dawa mliyoiandika ndiyo siikubali.

Nianze na uchungu, maana wapo vijana wetu wasomi wanaoudharau, na kwao kila mzazi anayelalamika ni mshamba. Msichana mmoja wa miaka 13, sitataja mtaa wala shule, aliombwa picha na mtu aliyejitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa chuo. Akatuma moja, amevaa nguo zake. Akaombwa nyingine. Alipokataa akaambiwa ile ya kwanza itachezewa aonekane hana nguo, kisha itarushwa kwenye grupu la darasa. Mtoto yule alikaa na jambo hilo moyoni tangu Mfungo Mosi hadi karibu na maulidi. Anachota maji, anaosha vyombo, anakwenda madrasa, lakini hali akashiba na usiku halali. Mama yake akadhani ni minyoo, akamnunulia dawa. Aliyekuja kujua ni shangazi mtu, na wala hakupekua simu. Alikuwa anamsuka, mtoto kakaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeegemea goti, shangazi anauliza habari za shule tu, mara akasikia goti limelowa.

Alipoulizwa kwa nini hakusema nyumbani, alijibu: "Baba angenipiga, halafu angenivunjia simu."

Wanangu, jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Yule mtesaji alishinda kwa muda wote huo kwa sababu alikuwa na uhakika kuwa mtoto anamwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa yeye. Na yote yalipita WhatsApp, ambako ujumbe hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni ya simu haiwezi kuusoma. Auonaye ni aliyetuma na aliyepokea. TikTok ingefungwa siku ile ile, mtoto yule angeendelea kulia peke yake.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka kwamba nchi hii ilishawahi kukaa bila televisheni kabisa. Zanzibar walianza kuitazama miaka ya 1970, sisi Bara tukangoja mpaka 1994. Na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka kila filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Je, kanda za video hazikuingia? Ziliingia tele, zikaonyeshwa kwenye vibanda umiza kwa kiingilio cha sarafu, na watoto wakatoroka chuoni kwenda kuchungulia kwenye matundu ya makuti. Bodi ya wakaguzi kanda zile haikuziona hata kwa macho. Aliyemwokoa mtoto alikuwa mtu mzima wa mtaa aliyemshika mkono, akamwuliza "we wa nani?", akamrudisha kwao.

Leo hali ni ile ile, ila haina makuti. Nendeni mkakae nusu saa tu kwa fundi simu. Mtoto anakuja na memori kadi na shilingi zake, anasema "nijazie," anajaziwa nyimbo na muvi, na kati ya muvi hizo zimo zile. Hapo hakuna bando wala mtandao wa kufungwa. Kisha kadi inazunguka darasa zima.

Na uchafu mwingine, semeni kweli, unaingia nyumbani kwa mikono yetu. Akina mama mna magrupu ya kikoba, akina baba mna magrupu ya mpira na ya waliosoma pamoja. Mtu mzima na ndevu zake anarusha video ya ajali, maiti imelala barabarani, au video ya mke wa mtu. Nyingine anacheka, nyingine anaandika "mnaona dunia inavyokwisha." Simu nyingi zimeachwa zilivyotoka dukani, kila kinachorushwa kinajipakua na kujihifadhi kwenye galari. Baada ya swala ya isha unampa mwanao simu aangalie katuni ili upate kupumua. Anafungua picha. Nani aliyemharibu hapo, Wachina wenye TikTok au wewe na kikoba chako? Ingieni leo kwenye mipangilio ya WhatsApp, zimeni picha na video kujipakua zenyewe, na pale kwenye faragha ya magrupu wekeni kuwa anayeweza kukuingiza grupu ni mtu uliyehifadhi namba yake tu. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Na atakayerusha uchafu grupuni aambiwe mbele ya watu, awe shemeji, awe mwenyekiti.

Sasa hilo la kufunga. Mnaomba rungu bila kuangalia litamwangukia nani. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, ulifungwa nchini, na baadaye waziri wa mawasiliano akaeleza kuwa ni kwa sababu unaruhusu picha za ngono. Sasa nambieni, mwanao wa darasa la sita alikuwa X? Waliokuwa X ni watu wazima wanaobishana habari za nchi. Watoto walibaki walikokuwa. Na vijana wakafundishana VPN, programu ya kuruka vizuizi vya mtandao, mpaka wauza maji wakaijua, licha ya kuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu 2023 ilitaka wanaoitumia wajisajili. VPN hizo za bure ni nani mwenye nazo? Kila anachofungua mtoto kinapita kwenye mashine ya mtu asiyejulikana, na vizuizi vyote ulivyomwekea vinarukwa. Mmefunga mlango mmoja mkamfundisha mtoto kutembea gizani.

Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Mnakumbuka mlivyokuwa. Wenye watoto vyuoni Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, waliozoea kuwaona kila usiku kwa simu ya video, hawakuwaona, na habari zilizokuwa zikija kwa midomo zilikuwa za kutisha. Wauza vitenge wa mtandaoni walikaa na mizigo. Sisemi kwamba mliandika karatasi hii kwa ajili ya hayo. Nasema mamlaka ya kufunga yakishazoeleka, mwenye nayo hatarudi kukuuliza wewe wa Barabara ya Kumi na Nne kama safari hii ni kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya jambo jingine. Mkitia saini, jina la mwanao ndilo litakalotajwa kila zitakapofungwa njia za wakubwa kusema.

Someni pia sheria tuliyonayo tayari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inahusu picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hicho ni kifungu chema na nakitaka kitumike mpaka kichakae. Vifungu vitatu mbele, kile cha 16, kinahusu taarifa za uongo, maneno mapana yanayoweza kumbeba hata mtu aliyelalamikia bei ya sukari. Vyote viwili vimo katika sheria moja. Ndiyo maana nataka tuombe kwa kutaja: tunataka hiki kwa ajili ya watoto, na hatutaki kingine kipitie mgongoni mwao.

Mmeandika kuwa hata Australia wamefunga. Hawakufunga hivyo. Sheria yao iliyoanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025 inazitaka kampuni za mitandao zisiwape akaunti watoto wa chini ya miaka 16, na kampuni itakayopuuza inaweza kutozwa mpaka dola milioni 49.5 za Australia. Mzazi haadhibiwi, mtoto haadhibiwi, na mtu mzima anaendelea na mambo yake. Hata kampuni zenyewe, kama TikTok na Instagram, zinasema chini ya miaka 13 hapana. Basi yule wa miaka 9 anayecheza mbele ya kioo kila jioni alipataje akaunti? Kuna mtu mzima aliyemwandikia mwaka wa uongo, na mara nyingi ni dada yake au mama yake.

Nanyi vijana mnaosema mzazi asiingilie, mtoto ataelimika mwenyewe, nawasikia. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi, na nitaitetea haki hiyo mpaka naingia kaburini. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi wajibu wa kumkinga mtoto na hatari za mwili na za maadili. Mzigo huo umewekwa kichwani kwa mzazi kwa jina lake. Hakuna panaposemwa aukabidhi kwa mtandao, wala kwa waziri.

Sasa kwa akina baba, maana karatasi imesainiwa na ninyi zaidi. Mtaniambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, na sikatazi kumkanya mtoto. Mwekeeni mpaka: simu haiingii chumbani usiku, haiendi shule, na ya kwake mwenyewe asubiri. Wekeni Family Link ya Google kwenye simu anayotumia, muone programu anazopakua na mkadirie muda. Kama hamjui kuiweka, mwambieni kijana wa jirani akae nanyi awaonyeshe, msione haya. Lakini tangazeni nyumbani mwenu, kwa kinywa chenu, watoto wote wakiwa wamekaa, kwamba atakayekuja kusema ameombwa picha, ametishwa au amekosea akatuma, hatapigwa na simu haitavunjwa. Kisha siku akija, tekelezeni. Mtajisikia mkono unawasha. Ukunjeni.

Na simu hiyo msiivunje, msiifute, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ushahidi. Andikeni namba ya mtesaji, tarehe na saa, kisha nendeni nayo kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Usiku wa manane au mkiwa na hofu, pigeni 116, ni bure, ni ya kuwasaidia watoto. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo namba ina pa kuanzia. Na nyote bonyezeni *106# muone ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chenu, msije mkakuta mtesaji anatembea na jina lenu. La kusisitiza zaidi: picha ya mtoto yule msiirushe kwa mtu yeyote, hata kwa shekhe au kwa grupu la wazazi eti mumtambue mhalifu. Mkiirusha, mmemdhalilisha mara ya pili, na sheria itawakuta na ninyi.

Kwa hiyo ninachowaomba ni karatasi nyingine. Iombe askari wa dawati wa kutosha hapa Tanga, waliofundishwa makosa ya mtandao, na chumba ambacho mtoto atasema bila kusikilizwa na foleni nzima ya kaunta. Iombe TCRA izibane kampuni kuhusu umri na kufuta haraka picha za watoto zinaporipotiwa. Ikatae kwa maneno ya wazi kufungiwa mitandao watu wazima kwa kisingizio cha watoto wetu. Hiyo nitatia saini ya kwanza, na nitaitembeza mwenyewe mpaka Chumbageni.

Lakini hata kabla ya karatasi, Jumatatu baada ya alasiri nakwenda kwa mafundi simu wa mtaa huu, mmoja mmoja, kuwaomba wasimjazie kadi mtoto aliyevaa sare. Wengi niliwafundisha, hawatanifukuza. Nataka wazazi wawili wa kufuatana nami, na mmoja wao awe baba. Anayekuja anipitie nyumbani. Kibarazani kwangu nipo kila siku baada ya adhuhuri.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, Tanga