Tusikimbilie tupa kulainisha kifyatulio cha bastola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki halali wa bastola, na hasa mafundi wanaowahudumia, kuhusu desturi ya kuchonga vipuri kwa tupa au kukata springi ili kifyatulio kiwe chepesi. Nazungumzia bastola zisizo na nyundo, ambazo risasi yake hugongwa na pini inayosukumwa na springi iliyofichwa ndani, kama ilivyo Glock 17 iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Wengi hulalamika kwamba kifyatulio cha bastola hizi ni kizito. Katika Glock, slaidi, yaani sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, inaporudi mbele huikaza springi ya pini kwa sehemu tu, na kidole ndicho kinachomalizia kazi hiyo kwa nguvu ya takriban kilo 2.5. Hata hivyo, anayesema “kizito” mara nyingi anasumbuliwa na jambo jingine. Ukivuta polepole, bastola ikiwa tupu, utahisi kwanza mwendo mlegevu, kisha kidole kitagota kama kilichofika ukutani, kisha pini itaachiwa. Kinachoharibu shabaha ni mkwaruzo ulio kati ya kugota huko na kuachiwa kwa pini, kwa kuwa ndio unaomfanya mtu avute kwa pupa na kuinamisha mdomo wa bastola. Uzito wenyewe, kwa maoni yangu, unalaumiwa kupita kiasi.

Mkwaruzo huo una tiba isiyohitaji tupa. Safisha masizi, kisha weka tone moja tu la mafuta pale upau wa kifyatulio (chuma kirefu kinachotoka kwenye kifyatulio kwenda kuishika pini) unaposuguana na kiunganishi chake (kipande kidogo kinachoushusha upau huo ili pini iachiwe), wala usiyaache mafuta yafike kwenye tundu la pini, kwani huko hunasa uchafu na kupunguza nguvu ya pini. Baada ya hapo fanya mazoezi bila risasi, iwapo kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu: toa magazini, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, risasi zote ziwe nje ya chumba unachofanyia mazoezi, na uelekeze bastola mahali panapoweza kuzuia risasi. Weka sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, uvute mpaka pini iachiwe bila sarafu kuanguka. Mwenye kulifanya zoezi hili kila siku ataona kifyatulio kilekile alichokilaumu kikizidi kuwa laini mkononi mwake.

Kwa mafundi nina neno zito zaidi. Katika Glock, upau uleule unaoishika pini ndio pia unaoinua kizuizi cha pini, kinachoizuia isiende mbele kabla kifyatulio hakijavutwa, na ndio unaokaa juu ya kingo inayozuia bastola isifyatuke ikianguka. Anayeuchonga ili kupunguza uzito anagusa kinga zote hizo kwa mara moja, na mteja hatajua mpaka siku bastola itakapomponyoka. Springi dhaifu ya pini nayo huleta balaa la upande wa pili, kwa kuwa risasi hugongwa kidogo na isiwake. Hata viwanda vikubwa hulazimika kulitazama upya jambo hili: mwaka 2017 SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari ya bastola yake ya P320 baada ya kubainika kwamba ingeweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, na miongoni mwa yaliyobadilishwa ni kifyatulio chenyewe, ambacho kipande chake kilifanywa chepesi ili kisijivute kwa kishindo cha kuanguka. Kazi ya namna hiyo ilihitaji wahandisi na majaribio mengi, na haiwezi kufanywa kwa kukisia juu ya meza ya karakana.

Anayetaka mabadiliko anunue kiunganishi kilichotengenezwa na kiwanda cha bastola yake, kifungwe na fundi aliyeidhinishwa, na kinga zote zijaribiwe kabla ya risasi kuingia. Navisihi pia vilabu vya kulenga shabaha viikague kila bastola iliyobadilishwa kifyatulio kabla ya kuiruhusu uwanjani, na kuikataa ile ambayo mwenyewe hawezi kueleza kilichofanywa ndani yake.

Wako mtiifu,
Mlenga shabaha