Kwa wanangu mnaotunza vitabu vya kale mchana na kuandika riwaya usiku

Wanangu,

Nawasalimu nikiwa na uchungu ambao haujanitoka wiki nzima.

Niliitwa kwenye maktaba moja nisaidie kupanga kurasa zilizochanganyika za utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mezani nilimkuta kijana mmoja, mtunzaji hodari ambaye mikono yake naiamini. Utenzi umelala wazi mbele yake. Pembeni ametandaza kurasa za riwaya yake, na mkononi ana kalamu ya wino, anarekebisha sura ya saba. Aliponiona akashtuka, akainuka aniamkie. Mkono ukapita. Mstari wa buluu ukabaki pambizoni mwa karatasi yenye alama ya hilali tatu, ile ukiiinua kwenye mwanga unaiona, karatasi iliyosafiri kutoka Italia mpaka pwani yetu na kuvuka zaidi ya miaka 100 ya unyevunyevu na mchwa.

Kijana alilia. Mimi pia sikulala usiku ule. Amepewa barua ya onyo, na amestahili, lakini barua ya onyo haimfundishi mtu namna ya kuishi na kazi mbili. Nimefanya kazi ya utunzaji miaka 27, na miaka sita kati ya hiyo nilikuwa narekebisha riwaya yangu. Kwa hiyo nisikilizeni.

Mnakaa kutwa na walimu wa kusahihisha, na hamuwatazami! Chukueni hati iliyonakiliwa kwa uangalifu. Mnakili akiruka neno, hakwangui karatasi mpaka itoboke, wala haanzi kitabu upya. Anatia alama ndogo pale lilipopotea, analiandika pambizoni, kisha anaweka "sahha", neno la ukoo mmoja na "sahihi" yetu. Baadaye nakala inalinganishwa na asili yake, mara nyingi mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akifuatilia kwa macho. Kikao kikiisha wanaandika pambizoni "balagha", yaani kusoma kumefika hapa. Kikao kinachofuata kinaanzia hapo hapo, hakuna kurudi nyuma.

Sasa huyu mwanangu nilimuuliza riwaya imefika wapi. Sura ya kwanza ameiandika upya mara 11. Sura ya kumi na mbili hajaigusa tangu alipoiandika. Kila jioni anarudi amechoka, anafungua mwanzo kwa sababu mwanzo anaujua, anabadilisha neno moja, analirudisha, analala. Huko ni kujibembeleza. Mtu mwenye saa moja tu kwa siku hawezi kuitumia kuanza upya kila siku. Andikeni balagha, wanangu. Wekeni tarehe pambizoni mlipofika, funga daftari, na kesho msitazame chochote kilicho juu ya alama hiyo mpaka mfike ukurasa wa mwisho.

Na chagueni saa yenu. Mimi niliamka saa kumi alfajiri, nikaandika mpaka saa kumi na mbili. Jioni sikuthubutu, kwa sababu kazi yetu inakula macho kabla ya kula mgongo. Jioni nilimpa binti yangu kurasa anisomee, nami nimefumba macho nasikiliza. Sentensi mbovu masikio huikamata upesi kuliko macho yaliyochoka. Nyinyi mna simu: jirekodini mkisoma, msikilize ndani ya daladala.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa. Vitabu vya kale vinaingia mdomoni. Mwaka niliokuwa nashughulikia tenzi za Kiamu, lahaja ya Lamu, muuza samaki wa riwaya yangu, mtu wa soko la Feri hapa Dar es Salaam, alianza kusema "mato" badala ya macho, na "nti" badala ya nchi. Sikugundua. Dada yangu ndiye aliyeuliza, "Huyu ni mtu wa Feri au amefufuka kisiwani Pate?" Nilifuta mazungumzo ya sura tatu nzima, na iliniuma. Kabla ya kurekebisha mazungumzo, pitieni sokoni kwanza.

Mengine ni ya kushika tu. Ndani ya chumba cha hati ni penseli, hata mfukoni. Riwaya ibaki kwenye mkoba, mkoba kwenye kabati la nje. Chai nje. Likizo ni ya sura ngumu, harusi za ukoo mzima mtasamehewa. Msimwonyeshe mkuu wa kazi rasimu.

Wapo wanaowaambia muache kazi ndipo muwe waandishi. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na alibaki mtumishi wa serikali zaidi ya miaka 30 huku akiandika. Ninachowalaumu wakubwa ni kingine. Tunamwita kijana huyu hazina ya taifa kwenye hotuba, kisha tunampa mshahara unaomlazimu kufundisha masomo ya ziada Jumamosi. Wachapishaji wanasubiri vitabu vya kiada, riwaya inakaa kabatini mwaka, mwaka na nusu, na ikirudi haina hata alama moja ya mhariri. Tunalinda maandishi ya waliokufa kwa kiyoyozi usiku na mchana. Aliye hai anaandika gizani umeme umekatika, na hakuna anayemuuliza amefika wapi. Linaniudhi sana hilo.

Kijana wangu, najua utaisoma barua hii. Ule mstari usijaribu kuufuta, utaivua karatasi ngozi. Uandike kwenye kumbukumbu ya utenzi, tarehe na jina lako, mtunzaji ajaye ajue ulitoka wapi. Kisha Jumamosi alasiri, ukitoka kufundisha, njoo nyumbani na sura ya kumi na mbili. Mimi nitasoma kwa sauti, wewe utafuatilia na penseli.

Bibi yenu, mstaafu
Dar es Salaam