Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuanze na Egemeo, Rangi Baadaye

Ndugu wanachama,

Maswali yenu mengi mwaka huu yalihusu rangi ya kupaka madaraja ya zamani ya chuma. Jibu langu: tuanze na egemeo, yaani ukuta wa mawe unaobeba ncha ya daraja ukingoni mwa mto. Kabla hamjanunua hata kopo moja, litazameni Daraja la Kern, karibu na Mankato, Minnesota. Lilijengwa 1873 kwenye barabara ya mashambani juu ya Mto Le Sueur: upinde mmoja wa chuma cha kufua, wenye urefu wa karibu mita 58. Magari yalizuiwa 1991. Mwaka 2020 lilifumuliwa kipande kwa kipande na vipande vyake vikawekwa kwenye makontena, kwa kuwa egemeo la mawe lilikuwa linabomoka na daraja lingetumbukia mtoni. Chuma kilikuwa bado kimesimama. Mawe ndiyo yaliyochoka.

Baada ya kila mafuriko, teremsheni kamba yenye uzito na alama za kila nusu mita kwenye kona za egemeo, hasa zile zinazokabili mkondo. Andikeni kina na tarehe. Kina kikiongezeka, mto unachimba msingi, na hapo wa kuitwa ni mhandisi, si mpaka rangi.

Kwenye viungo vya mawe tumieni chokaa. Saruji ni ngumu kuliko mawe laini: hufungia maji ndani, yakiganda uso wa jiwe unabanduka kama ganda la kitunguu. Kwangueni kiungo hadi kina cha mara mbili ya upana wake, kilowesheni, jazeni kwa matabaka, kisha funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa.

Halafu chungulieni roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyobingirika chini ya ncha ya daraja ili liweze kurefuka na kufupika. Chuma cha mita 58 hurefuka takriban sentimita 4 joto likipanda kwa nyuzi 60 za Selsiasi, jambo la kawaida huko Minnesota kati ya baridi kali na kiangazi. Roli zikikwama kwa kutu na mchanga, nguvu hiyo yote inasukuma mawe. Ondoeni uchafu kwa brashi na maji, kisha pigeni mstari wa chaki kuonyesha roli ilipo Januari, mrudi Julai. Mstari usiposogea, roli imekufa.

Atakayelazimika kufumua daraja vipande vipande afunge kibati chenye namba iliyogongwa kwenye kila kipande. Namba ya rangi itafutika siku ya kusafisha chuma kwa kukipiga mchanga.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe fedha za rangi zihamishiwe kwenye mawe na roli kwa mwaka ujao.