Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kofia na dawati la mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu na wazazi wa mkoa wetu wa Kigoma, kwa kuwa watoto wanaandikishwa darasa la kwanza na miongoni mwao wamo wenye ualbino, kama nilivyokuwa mimi.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu. Baba na mama wote ni weusi, na hilo lilitosha kumfanya bibi mzaa baba amtuhumu mama mambo ambayo hakuyatenda. Hakuna aliyewaeleza kwamba ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, hata wasipokuwa na dalili yoyote, na kwamba kwa wazazi wa namna hiyo uwezekano wa kila mimba kuleta mtoto mwenye ualbino ni moja kati ya nne. Mama aliibeba lawama hiyo hadi alipofariki.

Shuleni niliketishwa nyuma, kwa sababu wenzangu walikataa kukaa nami dawati moja. Nyumbani walikuwa wameambiwa kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Kutoka kule nyuma niliuona ubao, maandishi sikuyaona. Rangi inayokosekana kwenye ngozi yetu hukosekana pia machoni, ndiyo maana mwanga mkali hutuumiza, mboni huchezacheza zenyewe, na hata miwani haitufikishi pale wanapoona wengine. Nilinakili vibaya nikachapwa. Nilipoinamia daftari mpaka pua ikagusa karatasi, niliambiwa kwamba watu wa aina yangu hawana akili, nikarudishwa darasa la tatu, ilhali sikumbuki swali hata moja nililosomewa kwa sauti nikashindwa kulijibu. Maneno ya vijana wa stendi waliokuwa wakiniita "dili", yaani kitu cha kuuzwa kwa pesa, yaliniogofya, lakini hili la darasani niliishia kuliamini, na ilinichukua miaka mingi kuacha kuliamini.

Kofia yangu nayo nilivuliwa mstarini kila asubuhi kwa maelezo kwamba si sehemu ya sare. Midomo ilipasuka, shingo ikababuka. Mheshimiwa Mhariri, hatutoweki: wengi wetu huuawa na saratani ya ngozi tukiwa bado vijana, na saratani hiyo huanza kuandaliwa na jua la utotoni, likiwemo lile la mstarini.

Sisahau kwamba wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa na mkoa wetu, watoto wengi walihifadhiwa katika kituo chenye ukuta cha Kabanga, Kasulu, na wapo walio hai leo kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ukuta hauwezi kumzunguka kila mtoto, na anayesoma kijijini kwao anamtegemea mwalimu wake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza mwanafunzi kubaguliwa kwa ulemavu wake, lakini mtoto wa miaka saba hawezi kumsomea mwalimu sheria.

Ninachowaomba walimu wakuu hakihitaji bajeti. Mtoto huyo akae dawati la mbele, mbali na dirisha linalomulika. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu hata mstarini. Na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Wazazi nao waende shuleni siku ya kwanza wakayaeleze haya wenyewe, kabla mtoto hajapangiwa pa kukaa.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma