Makrinitsa: kwa nini tunakuomba uache sanduku lako Volos

Hutokea kila msimu. Mgeni anashuka kwenye gari pale maegesho ya Makrinitsa, kijiji cha mlima Pelion huko Ugiriki, anavuta sanduku lake la magurudumu, anauliza hoteli iko wapi. Iko huko chini, baada ya ngazi ambazo hata sisi tumeacha kuzihesabu. Gari haliingii. Vijia vya kijiji, wenyewe huviita kalderimi, vimetandikwa mawe, na magurudumu ya sanduku hayana maisha marefu hapo. Aliyekulia Lamu atacheka tu, ila hata Lamu haina mteremko wa namna hii.

Ndiyo maana usiku wa kwanza wa safari yetu ya mlima Pelion tunalala Volos, mji wa bandari ulio chini ya mlima. Mzigo mkubwa unabaki kule, wewe unapanda na begi la mgongoni lenye nguo za siku mbili.

Malalamiko mengine yanahusu bahari. Tuliwahi kuandika kwenye tangazo "kijiji cha mlimani karibu na bahari", watu wakaja na taulo. Lawama ile ilikuwa haki yetu. Kutoka uwanja wa Makrinitsa unaiona Volos yote na Ghuba ya Pagasai imelala mbele yako, na Wagiriki hukiita kijiji hiki roshani ya Pelion. Kuiona bahari na kuingia majini ni mambo mawili. Fukwe tunazozipenda sisi, kama Milopotamos, ziko upande wa pili wa mlima, kwenye Bahari ya Aegean. Barabara ni kona tupu, kwa hiyo tunazitengea siku nzima.

Wazee wa hapa walijenga juu kwa sababu zao. Enzi za maharamia pwani haikuwa mahali pa kulala usingizi. Ukizitazama nyumba zao za kale utaona: chini kuta nene za mawe na vidirisha vidogo, juu ghorofa ya mbao iliyochomoza yenye madirisha mengi, paa la mabamba ya mawe.

Uwanjani kuna miti mikubwa ya platani, chemchemi ya marumaru na kanisa dogo la Yohana Mbatizaji. Hatua chache kutoka hapo, mgahawa mmoja una ukuta uliochorwa na Theophilos, mchoraji wa kisiwa cha Lesbos aliyezunguka vijiji hivi akichora kwa ujira mdogo. Agiza kahawa kwanza, ndipo utoe simu upige picha.

Chakula cha Pelion ni spetzofai: soseji na pilipili hoho kwenye mchuzi wa nyanya. Soseji hiyo mara nyingi ni ya nguruwe. Kama huli, tuambie mapema. Samaki wa Volos wapo, na ni wazuri.

Ukija majira ya baridi, utakuta theluji. Kituo cha kuteleza kiko karibu na Chania, na tafadhali, hii si Chania ya kisiwa cha Krete. Mteja wetu mmoja alibaki kidogo akate tiketi ya ndege ya kwenda huko.

Mwenye goti linalosumbua asiahirishe safari. Tunamlaza Portaria, kijiji jirani ambako gari linafika hotelini, kisha Makrinitsa anaizuru asubuhi, polepole, kabla mabasi ya watalii hayajapanda.