Magari ya Safari Rally yanaonekana yameegeshwa

Mhariri,

Kila msimu wa Safari Rally, picha nyingi za magazetini kutoka Naivasha huonyesha magari kana kwamba yameegeshwa. Kosa ni kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga): 1/2000 ya sekunde hugandisha hata matairi.

Gari linapokupita kwa ubavu, weka kamera kwenye S (Tv kwa Canon), ambapo wewe ndiye unayechagua kasi ya shata, kisha shata 1/125, ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), fokasi endelevu na picha za mfululizo. Panua miguu, bana viwiko mbavuni, anza kulifuata gari kwa kuzungusha kiuno kabla halijakufikia. Bonyeza, na uendelee kuzunguka. Wengi husita papo hapo, ndiyo maana namba ya mlangoni hutoka na ukungu. Ukizoea, shuka hadi 1/60. Picha nyingi zitaharibika, na hilo ni kawaida.

Jua la adhuhuri likizidi hadi namba ya f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo kabisa) ianze kumetameta, funga kichujio cheusi cha ND kinachopunguza mwanga, usipandishe shata. Gari likikujia usoni au likiruka, hapo ndipo 1/1000 inafaa. Vumbi la fesh-fesh, laini kama unga, hudanganya fokasi: tumia pointi moja ya fokasi, ilenge kioo cha mbele. Na lenzi usiibadilishe pale!

Msomaji wenu,
Nakuru